Ithibati ni ya Programu, Si ya Geti la Chuo

Wadogo zangu mnaoomba vyuo mwaka huu, nawaona mkibishana chuo kipi cha uhandisi kiko juu kwenye orodha za dunia. Mimi orodha hizo hazikunisaidia siku nilipozihitaji.

Nilisoma uhandisi wa umeme hapa Dar. Nilipoomba shahada ya uzamili nje, hakuna aliyeuliza chuo changu ni cha ngapi. Walitaka maelezo ya kila kozi: mada zake, saa za darasani, saa za maabara, tulivyotahiniwa. Sikuwa nayo. Nikarudi idarani, nikakuta mtaala umeshabadilishwa, na dirisha la maombi likafungwa nikiwa bado natafuta nakala za ule wa zamani. Mwaka mzima ukaniponyoka. Kwa hiyo kila muhula ukianza, muhtasari wa kozi unaopewa usiutupe. Weka nakala kwenye barua pepe yako.

Jambo jingine: kwa wahandisi, kipimo kinachoheshimika duniani ni Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ulioanzishwa na taasisi za nchi sita, Marekani na Uingereza zikiwemo. Afrika Kusini iliingia 1999. Mkataba huo unatambua programu moja moja, si chuo kizima. Programu ya ujenzi inaweza kuwa na ithibati, yaani kuthibitishwa rasmi ubora wake, huku ya jengo la jirani haina. Basi unapochagua, uliza habari za programu yenyewe: Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wameipa ithibati? Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasajili wahitimu wake? Hata makubaliano ya wahandisi wa Afrika Mashariki ya 2012 yanamtambua mhandisi aliyesajiliwa, siyo kila mwenye cheti cha shahada.

Tena kinachopimwa siku hizi ni mhitimu anaweza kufanya nini, si alichofundishwa tu. Hapo ndipo kudesa, yaani kunakili tu kazi za wengine, kunapowaumiza wengi, hasa kwenye PT, mafunzo yetu ya vitendo kazini.

PT yangu ya mwaka wa pili ilikuwa kwenye kituo cha kupozea umeme. Siku hiyo fundi sanifu alipima insulesheni ya transfoma, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa kifaa kiitwacho mega, mimi nimesimama pembeni. Jioni nikaandika kwenye logibuku, daftari la kazi za kila siku: "Insulesheni iko sawa." Mhandisi msimamizi akausoma mstari ule, akaukata kwa kalamu nyekundu.

"Kijana, sawa ndiyo ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake akaniombea ruhusa ya kupima upya, transfoma ikiwa imezimwa, fundi amesimama pembeni safari hii. Nikaunganisha nyaya mwenyewe, nikasubiri dakika nzima mshale utulie, nikaandika usomaji wa mega kwa megaomu, joto la mafuta ya transfoma na saa niliyopima. Ndipo akasaini.

Logibuku ile ninayo mpaka leo. Nilipoitwa kwenye usaili wa kusajiliwa kuwa mhandisi baada ya miaka mitatu ya mafunzo kazini, swali la kwanza lilihusu transfoma.