Kisu cha kuwindia kwa 60,000: lipia moto kwanza, mpini utakuja

Mkuu, umeuliza hivi: una shilingi 60,000, umeshapata kibali cha kuwinda upande wa Liwale, unataka kisu cha kutengenezewa, kile kisichokunjwa, na unasita kati ya mhunzi wa kijijini na vile vinavyong'aa vya Mtwara mjini. Waliotangulia wamekwambia nunua cha dukani uachane na kero. Mimi niko Nachingwea, nimeshafuliwa visu vitatu, na cha kwanza kilinitia aibu mbele za watu. Ngoja nikisimulie hicho.

Nilimpa fundi mmoja wa mjini 45,000, na wakati huo 45,000 ilikuwa pesa ya kuombea ruhusa nyumbani. Nikataka inchi 8, mpini wa mpingo wenye pete za shaba, na ala yenye mishono ya rangi. Akanitengenezea kama nilivyotaka, kinang'aa mpaka unajinyolea ndevu kwa kujitazama humo. Siku tulipoangusha kongoni nikakitoa kwa madaha. Paja la kwanza kilikwenda vizuri. La pili, nasukuma na kisu kinateleza juu ya ngozi. Nikakigeuza kwenye jua: ukingo wote umelala upande mmoja kama bati lililokanyagwa. Mzee tuliyekuwa naye akachomoa kijisu chake, mpini umefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akamaliza mnyama mzima bila kusema neno. Afadhali angenicheka.

Yule mzee ndiye aliyenipeleka kwa mhunzi ninayemtumia mpaka leo. Nilipofika na kisu changu kirefu, shikamoo hata hajamaliza kuipokea, akauliza: "Mwanangu, hiki ulikitakia vita?" Kisha akanionyesha kivuli cha bluu, chembamba kama uzi, karibu na makali. Fundi wangu alikinoa kwa grenda bila kukipoza kwenye maji. Chuma kikishafika rangi ile ya bluu, ugumu umeshaondoka pale penye makali, na kunoa hakuurudishi. Mng'aro wote niliolipia ndio uliokiua kisu.

Kwa hiyo swali la dukani au kijijini ni dogo. Swali kubwa ni hiyo 60,000 unailaza wapi. Mimi ningeigawa hivi: 4,000 kipande cha springi ya gari, 30,000 kufua na kutia maji (yaani kukizamisha kikiwa chekundu ili kiwe kigumu), 10,000 mpini, 8,000 ala, na 8,000 inayobaki nunua jiwe zuri la kunolea. Ukiona bei ya mpini imezidi bei ya moto, ujue unanunua pambo.

Springi nenda nayo mwenyewe, usimwachie mhunzi achague. Gereji yoyote ina majani ya springi yaliyovunjika. Chuma kile kina kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6, kwa hiyo kinakubali kutiwa maji. Nondo haikubali, hata ukiichoma mwezi mzima, na visu vya nondo vipo sokoni vimepigwa msasa vikapendeza. Omba kipande cha kwenye ncha za jani, maana katikati ndiko kunakopinda kila siku na nyufa ndogo hujificha huko, usizione mpaka kisu kikatike. Tupa kuukuu nayo hutoa kisu kikali sana, ila ni ngumu kuliko springi na fundi akikosea kidogo inakatika kama kigae. Kwa kisu cha kwanza kaa kwenye springi.

Umbo: inchi 4 za makali zinatosha. Najua hutaniamini, nami sikuamini. Kazi yenyewe ni kupasua ngozi, kuzunguka viungo na kutenganisha nyama na mfupa, na mkono wako uko ndani ya mnyama huoni kitu, kwa hiyo kila inchi ya ziada ni ya kujikatia. Ncha iwe imeshuka kidogo kutoka kwenye mgongo wa kisu, isiwe imeinuka kama ya jambia, la sivyo utatoboa utumbo na nyama yote inuke. Unene ndio wahunzi wetu wengi wanapokosea. Jani la springi lina milimita 6 au zaidi, na mtu akichoka kugonga anakuachia hivyohivyo. Kisu cha hivyo kinapasua kuni, nyama hakikati. Mwambie mgongoni milimita 3 au 4, na kuanzia hapo kiteremke taratibu mpaka kwenye makali.

Sasa kutia maji. Tunasema maji, lakini springi itie kwenye mafuta, maana maji hupoza ghafla mno na chuma kinaweza kulia "ti!" kikapasuka papo hapo. Mhunzi wangu hutumia mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, anayapasha moto kidogo kwanza. Anakaa kivulini ili aione rangi ya chuma, na ana kisumaku cha spika ya redio kwenye waya. Kisu kikiwaka wekundu anakigusisha. Sumaku ikiacha kushika, anakiacha makaani kidogo tu, anazamisha. Hiyo si ramli, chuma hupoteza usumaku kikifika kama nyuzi 770, kwa hiyo sumaku inamsaidia kupima joto bila kipimo. Fuawe lake ni kipande cha reli, na huapa kwamba ni cha ile reli ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza. Muulize ukitaka kuchelewa kurudi nyumbani.

Kikitoka kwenye mafuta kisu ni kigumu lakini kinavunjika ukikiangusha. Lazima kirudishwe kwenye joto dogo. Yeye anakisugua mpaka kionyeshe weupe, anakilaza kwenye mchanga wa moto ndani ya karai, na anakodoa macho mpaka rangi ya majani makavu itokee. Wakati huo hata simu hapokei. Mhunzi akikwambia hatua hii haina haja, mpe asante yake na uchukue springi yako.

Jambo ambalo limeniokolea pesa kuliko yote: patana kulipa mara mbili. Nusu ya kwanza unapewa chuma kitupu, hakina mpini, kimeshatiwa maji na kunolewa. Unakijaribu mbele yake. Pitisha tupa kidogo kwenye makali. Ikiuma kwa urahisi ikatoa unga, chuma ni laini. Kisha laza makali juu ya ufito wa shaba, inua mgongo wa kisu kidogo, bonyeza mpaka uone ukingo unapinda, halafu achia. Ukirudi ulivyokuwa, lipa. Ukibaki umepinda, au ukimeguka, kinarudi motoni, na kwa kuwa hakina mpini hakuna atakayelalamika kwamba unamharibia kazi. Mafundi wa mjini hawalipendi sharti hili. Wazee wahunzi hawajawahi kunikatalia, sanasana wanatabasamu.

Mpini, chuma kipite mpaka mwisho na vipande viwili vya mti vikibane kwa riveti tatu na gundi ya tyubu mbili. Msuka mwembamba uliochomekwa ndani ya mti ni rahisi kutengeneza, lakini mafuta ya mnyama yakipenya humo, unaanza kucheza. Mpingo usiununue dukani. Wachonga vinyago wa Kimakonde wana mabaki tele, chagua kipande cha zamani kilichokwisha kukauka. Mbichi utapasuka riveti zikiwa ndani. Mkongo nao ni mzuri na ni rahisi kufanyia kazi. Usiupake vanishi, mkono wenye damu utateleza.

Kuna suala la kuchinja, na huku kwetu haliepukiki. Kundi letu lina Waislamu na Wakristo. Mnyama akianguka bado hai, mmoja wetu anakimbia kumchinja, na kwa pofu inchi 4 ni fupi, kwa hiyo mtu mmoja hubeba kisu kirefu cha kazi hiyo tu. Kubalianeni mapema ni nani. Na kubalianeni pia kuhusu kuazimana. Kisu changu cha pili jirani alikiazima, akakirudisha kimeoshwa vizuri, kisha kwenye mazungumzo akataja ngiri. Nikamwambia baki nacho. Ndiyo maana nina cha tatu.

Springi hushika kutu, na ukikaa karibu na bahari utaiona asubuhi inayofuata. Osha, kausha, paka mafuta ya cherehani, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi nyumbani. Ngozi hutunza unyevu. Ala ni ya porini.

Nenda kiangazi hiki, mwezi wa saba au wa nane, wakati watu wana pesa ya ufuta na mhunzi bado ana nafasi. Kuanzia mwezi wa kumi anafua majembe ya watu wanaosubiri mvua, na kisu chako kitakaa chini ya rundo hilo mpaka utakapomkuta amekifua haraka haraka jioni moja, bila mchanga, bila karai.