Nimemzika mama, na mke wangu aliye katika matibabu hajui

SWALI

Ndugu Mshauri, assalaam alaikum. Mimi ni mwanamume mwenye umri wa miaka 44, fundi cherehani wa Tanga, na kwa sasa ninaishi Dar es Salaam katika chumba cha kupanga kwa sababu ninamuuguza mke wangu. Aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi katika hatua ya pili, akapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapangiwa mionzi siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 5, dripu ya tibakemia mara moja kila wiki, na baadaye mionzi ya ndani. Siku ya pili tangu aanze mionzi nilipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mama yangu mzazi amefariki dunia. Nilimwambia mke wangu kuwa mama anaumwa sana, nikamwacha na dada yake, nikasafiri usiku, nikazika, nikarudi baada ya siku 2. Wazee walinishauri nisimwambie ukweli kwa kuwa mgonjwa hapaswi kupata mshtuko, nami nikakubali. Leo ni siku ya 18.

Mama na mke wangu walikuwa kama mtu na mwanawe. Mama ndiye aliyemkanda na kumwogesha maji ya moto katika arobaini zake zote mbili za uzazi. Kila asubuhi mke wangu huniuliza, "Mama kaamkaje?" nami humjibu, "Ana nafuu." Juzi alimtuma dada yake amnunulie mama doti ya kanga, ameikunja na kuiweka chini ya mto, na anasema atampelekea mwenyewe. Watoto wetu, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 8, wako Tanga kwa shangazi yao. Walikuwapo msibani na tumewaonya wasiseme. Sasa binti hataki tena kuzungumza na mama yake kwa simu.

Ndugu zangu wanataka nirudi kwa ajili ya arobaini na nije na mke wangu, tukae nyumbani wiki 2, kwa sababu wanasema mambo mawili kama haya kwa mpigo si bure, kuna mkono wa mtu, na yupo mtaalamu atakayemtazama. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. La mwisho naona aibu kuliandika: tangu nimzike mama sijatoa machozi hata mara moja, na wapo waliosema kwamba sikumpenda. Nifanye nini?

Mfiwa anayeuguza, Dar es Salaam

JIBU

Waalaikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa msiba. Nimeanza na pole ya msiba kwa makusudi, kwa sababu nadhani katika siku hizi 18 umeulizwa habari za mgonjwa mara nyingi kuliko ulivyohaniwa, na huko uliko hakuna aliyekuja kukaa nawe mkekani. Mama yako amefariki, na wewe ni mfiwa kama walivyo nduguzo waliobaki Tanga.

Niruhusu nianze na lile lisiloweza kusubiri. Mke wako asitoke katika matibabu, si kwa wiki 2 wala kwa siku 2. Katika hatua aliyopo, mionzi pamoja na tibakemia hutolewa kwa nia ya kuponya, si kwa kutuliza maumivu tu, na nguvu ya tiba hiyo imo katika mfululizo wake. Madaktari hulenga kumaliza mionzi yote, ya nje na ya ndani, katika muda usiozidi wiki 8, yaani siku 56 tangu siku ya kwanza, kwa sababu tiba inapokatizwa, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka upya na matokeo huwa mabaya zaidi. Hesabu mwenyewe: mama alifariki siku ya pili ya mionzi, kwa hiyo arobaini yake inaangukia kama siku ya 41 ya matibabu, ndani kabisa ya siku hizo 56, na pengine wakati uleule wa mionzi ya ndani. Kumwondoa mgonjwa wakati huo ni kuvunja tiba katikati.

Siamini kwamba ndugu zako wana nia mbaya. Watu waliopigwa na msiba hutafuta sababu, na sababu yenye uso wa mtu huwa rahisi kushika kuliko ile isiyoonekana. Lakini saratani ya mlango wa kizazi, karibu kwa kila mgonjwa, hutokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana na ambacho watu wengi hukipata wakati fulani maishani bila kujua. Kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe, na kwa wachache hubaki, kikabadilisha seli polepole kwa miaka 10, 15 au zaidi. Ugonjwa huu, basi, ulianza safari yake zamani, mama yako angali akienda sokoni kwa miguu yake, na kifo chake hakiuhusu. Nami naongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu najua kuna siku mtu atalisema mbele ya mke wako: kirusi hiki kinaweza kuwa kimeingia miaka mingi iliyopita, hata kabla hamjaoana, na ugonjwa wake si ushahidi wa uzinzi wa mke wala wa mume. Binti yenu wa miaka 13 yumo katika umri wa kupata chanjo dhidi yake, ambayo nchini Tanzania hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 na sasa ni dozi moja tu. Muulize shangazi yake kama alichanjwa shuleni, na kama bado, ampeleke kituo cha afya.

Kuhusu kisomo chenyewe, unajua kwamba mafundisho ya dini yenu yamewawekea ndugu wa marehemu siku 3 za maombolezo, na mjane miezi 4 na siku 10, na kwamba arobaini ni desturi yetu. Ni desturi njema, kwa kuwa inawakutanisha watu, lakini desturi inaweza kusogezwa, na ratiba ya mionzi haisogezwi kwa urahisi. Waombe ndugu zako kisomo kiwe Jumamosi, uulize hospitali mapema kama kuna tiba siku hiyo, na ikiwa hakuna, uondoke Ijumaa jioni baada ya mgonjwa kupumzika na urudi Jumapili, huku dada yake akibaki naye. Ikiwa siku hazikubaliani, baki Dar es Salaam na umwachie mdogo wako nafasi yako mkekani. Mtoto wa kwanza wa kiume anayemuuguza mkewe hajamtupa mama yake, na mzee yeyote wa ukoo mwenye busara atalisema hilo mbele ya wengine ukimwomba. Mtafute mmoja wa namna hiyo kabla kikao hakijakaa.

Sasa machozi. Umekuwa ukiamka alfajiri, ukipanga foleni, ukihesabu nauli, ukimpikia mgonjwa uji anaourudisha nusu, na kila asubuhi ukisema uongo ambao hukuuzoea. Mwili uliopewa kazi kama hiyo hujifunga ili usianguke, na huzuni hutafuta njia nyingine: usingizi unapotea, chakula kinakuwa kama makapi, hasira zinakuja kwa jambo dogo, unasahau ulikuwa unatafuta nini. Hiyo nayo ni namna ya kulia, hata kama jirani haioni. Asubuhi moja, wakati mkeo akiwa ndani kwenye mionzi na dada yake akimsubiri, tembea hadi ufukweni, maana bahari iko karibu pale, umsomee mama yako Yasini bila haraka na bila mtu wa kukutazama. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja, umemsomea mama yako. Lakini kukosa usingizi kukiendelea kwa wiki nyingi, au ukajikuta unatamani usiamke, usilibebe jambo hilo peke yako. Mwambie daktari siku hiyohiyo, kwa sababu wauguzaji nao huugua.

Nimeliacha la mke wako hadi sasa kwa sababu ndilo lililonishika zaidi niliposoma barua yako, na rai yangu juu yake ni moja: mwambie. Mimi niliwahi kufichwa msiba. Nilikuwa nimelazwa baada ya kujifungua kwa upasuaji, kaka yangu akafariki, na kwa siku 9 watu walinijia wodini na nyuso za kawaida, wakanijibu kwamba kaka yuko safarini. Aliyeniambia ni mgeni ambaye hakuwa amepewa siri hiyo, akanishika mkono na kunipa pole. Nililia kwa ajili ya kaka yangu, kama ilivyopasa, lakini hadi leo kinachoniuma ni kukumbuka jinsi nilivyowacheka na kuwatania watu waliokuwa wametoka kumzika. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na nimewasamehe, ila kwa muda mrefu kila aliponiambia mtu kwamba fulani hajambo, sikumwamini. Mke wako ana wiki nyingi mbele yake ambazo atahitaji kuamini kila utakalomwambia, likiwemo neno la daktari utakalolibeba wewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Wewe umeficha kilio, na maradhi ndiyo yatakayokufichua, kwa kuwa hospitali hujaa wageni, simu hujaa salamu za pole, na kuna siku mtu atakosea. Isitoshe, huenda anajua nusu. Mwanamke aliyeolewa kwenu miaka yote hii anaufahamu uso wako, na huenda anauliza kila asubuhi kwa sababu jibu lako halimtoshelezi. Kuhusu mshtuko ambao wazee waliuhofia, huzuni itamliza na itamnyima usingizi siku kadhaa, lakini haiizuii mionzi kufanya kazi yake.

Kwanza zungumza na daktari wake au muuguzi anayemzoea, umweleze hali yote, na umwombe akuelekeze kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa mazungumzo ya namna hii ni sehemu ya kazi yao. Wakikuambia ungoje siku chache kwa sababu ya hali yake ya mwili, ngoja. Wasiposema hivyo, chagua Ijumaa alasiri baada ya mionzi, ili awe na siku 2 za kulia bila safari ya hospitali, na usichague siku ya dripu anapokuwa na kichefuchefu. Dada yake awe karibu, lakini maneno yatoke kinywani mwako. Kaa naye, umshike, wala usimwogope kwa ajili ya mionzi kama watu wanavyodai, kwa maana mionzi ya nje haibaki mwilini mwa mgonjwa. Mwambie kwamba una habari nzito, kisha sema "Mama amefariki" kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Mwambie ni siku gani, na kwamba ulimficha kwa kuogopa, na umwombe radhi. Usiwatupie wazee lawama, hata kama wao ndio walioshauri, kwa sababu aliyekuwa akimjibu kila asubuhi ni wewe.

Atauliza mengi. Atataka kujua nani alimwosha, amezikwa upande gani, kama aliteseka, kama alimtaja. Jibu kila swali unaloweza, hata likirudiwa mara 5. Anaweza kukukasirikia na kugeukia ukutani, kaa hapohapo. Anaweza kukataa kula siku moja, na msiba una haki hiyo, lakini akipata homa au akitokwa na damu nyingi mpeleke hospitali mara moja, usiseme ni uchungu wa msiba. Ile doti ya kanga usiiguse. Ameinunua yeye, naye ndiye atakayeamua kama ataitoa sadaka, atamgawia binti yenu upande mmoja, au ataiacha pale chini ya mto. Huenda akataka kumsomea mama mkwe wake hitima hukohuko chumbani mwenu, na watu 5 wakitosha kuzunguka kitanda, basi huo ni msiba uliokaliwa kama ilivyopasa, na wewe utakuwa na mtu wa kulia naye ambaye alimjua mama yako vizuri kuliko wengi.

Halafu kuna binti. Mtoto wa miaka 13 aliyemzika bibi yake, ambaye mama yake ni mgonjwa, ameagizwa pia alinde siri, na akaona njia pekee ya kuilinda ni kumkimbia mama yake. Mama naye, bila shaka, anajiuliza amemkosea nini mwanawe. Katika yote uliyoniandikia hili ndilo ambalo ningeliondoa kwanza. Kwa hiyo usiku huohuo utakapokwisha kumwambia mke wako, mpigie simu shangazi yao, uombe uzungumze na binti, umwambie kwamba mama sasa anajua na kwamba hakuna tena cha kuficha, kisha umpe mama yake simu.