Akwilegia kwa mbegu: mbona hazioti, na mbona miche inalala?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Mbegu za akwilegia umezisia zaidi ya mwezi sasa na nyingi hazijachomoza. Halafu ile michache iliyochomoza inalala chini mmoja mmoja, shina limekuwa jembamba na jeusi pale linapogusana na udongo. Nimeotesha maua haya kwa mbegu miaka mingi na nayapenda kuliko ua lolote kitaluni, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kwanza kabisa, usiumwage huo udongo. Mbegu ya akwilegia hata ikipata kila inachotaka huchukua wiki tatu hadi nne kuota, na nyingine hufika miezi mitatu. Sababu iko ndani ya mbegu yenyewe: inapodondoka, kiinitete chake bado ni kichanga, hakijakamilika. Asili ya mimea hii ni maeneo ya baridi na ya wastani ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Huko mbegu hudondoka majira ya joto, hulala kwenye udongo wenye unyevu majira yote ya baridi, kisha huota joto linaporudi. Ukiinyima ile baridi, chache zitaota na nyingi zitakaa kimya, nawe utadhani umeuziwa mbegu mbovu.

Baridi hiyo unaweza kuitengeneza kwa friji. Changanya mbegu na mchanga safi uliolowa kidogo tu, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka kwenye friji ya kawaida (sio sehemu ya kugandishia) kwenye nyuzi 4 hivi, kwa wiki tatu hadi nne. Unyevu ndio unaofanya kazi hapo. Pakiti kavu ikikaa friji mwaka mzima, mbegu zitahifadhika vizuri sana, lakini usingizi wao hautavunjika. Chungulia kila wiki, na ukiona hata mbegu moja imetoa ncha nyeupe, zisie zote siku hiyohiyo. Kwa kuwa wewe umeshasia, hamisha kwanza ile miche iliyo hai, kisha trei yote ivishe mfuko na uiingize friji vilevile. Ukiitoa, iweke mahali penye mwanga na joto la nyuzi 15 hadi 20. Juani kabisa hapana, na juu ya kitu chenye moto hapana.

Mwenye mbegu mbichi kutoka kwenye mmea wake ana bahati, maana zikisiwa papo hapo mara nyingi huota bila friji. Tunda la akwilegia ni vifuko kama vitano vilivyosimama wima, vimeungana chini. Vikikauka hufunguka kwa juu. Ukiinamisha bua na kulitikisa utasikia mbegu zinagonga ndani. Zimimine kwenye bahasha. Zilizokomaa ni nyeusi na zinang'aa. Zikiwa bado za kijani au kahawia hafifu, subiri. Na watoto wasizichezee, kwa sababu mbegu na mizizi ya mmea huu vina sumu.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni kuzifukia. Mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote. Zitawanye juu ya udongo uliolowa, zikandamize kwa kiganja zishikane nao, basi. Kama unaogopa zitakauka, nyunyizia vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) au mchanga wa chengachenga, safu nyembamba kiasi kwamba bado unaziona mbegu hapa na pale. Mimi huzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kutawanya, maana ni ndogo na hupenda kuanguka rundo moja, na msongamano huo ndio unaoanzisha balaa la pili uliloliuliza.

Hiyo miche inayolala ina kinyausi. Ni ugonjwa wa vimelea vya udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia, vinavyoozesha shina usawa wa udongo. Mche ukishaanguka hauponi. Ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, utupe mbali. Kilichobaki ni kuwanyima vimelea mazingira wanayoyapenda: uso wa udongo ulioloa muda wote, hewa iliyotuama, miche iliyobanana. Kama ulifunika trei kwa plastiki, ifunue mara tu mche wa kwanza unapochomoza. Acha kabisa kumwagia maji kwa juu. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kina cha vidole viwili, subiri uso wa udongo ubadilike rangi, itoe, iache ichuruzike, na usirudie mpaka uso ukauke na trei iwe nyepesi ukiinyanyua. Safari ijayo osha trei vizuri na utumie udongo mpya. Udongo uliochotwa bustanini huja na vimelea vyake. Kwa maoni yangu, miche mingi ya akwilegia huuawa na maji kuliko kiu.

Mche mchanga huanza na vijani viwili vya mviringo, vidogo mno, juu ya shina jembamba kama uzi. Kisha katikati hutoka jani la kwanza la kweli, limejikunja, na likifunguka utaona ncha zake zimegawanyika sehemu tatu. Lidondoshee tone la maji uone linavyobiringika kama zebaki bila kulilowesha.

Jani hilo likishafunguka, anza kuhamisha. Wengi husubiri majani manne au matano, mimi sisubiri, kwa sababu akwilegia ina mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja na hauvumilii kukatwa. Kadiri unavyochelewa ndivyo unavyozidi kuung'oa nusunusu. Tumia vyombo virefu kwenda chini badala ya vipana. Shika mche kwa jani, kamwe usishike shina, utoe na kibonge chake, uuweke kivulini siku chache. Mbolea ya maji ya nusu ya kipimo ianze miche ikishika.

Kabla ya kuihamishia ardhini, izoeshe hewa ya nje polepole kwa wiki moja hivi. Chagua mahali pasipotuamisha maji, penye kivuli cha mchana, na uache sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Konokono wataijia usiku, vidukari wataifuata kwenye vichipukizi. Mistari myeupe iliyojipindapinda ndani ya jani ni funza wa inzi anayechimba majani. Chuma majani hayo, mmea utatoa mengine. Cha kuogopa kweli ni ugonjwa uitwao ubwiri unyoya wa akwilegia, ulioonekana Uingereza mwaka 2013: mabaka ya njano juu ya jani, kingo zinajikunja, na chini yake utando mweupe. Ukiuona, ng'oa mmea mzima na usiutie kwenye mboji.

Mwaka wa kwanza utapata majani tu, maua kwa kawaida huja mwaka wa pili. Na hapo jiandae kwa jambo ambalo mimi hunifurahisha kila msimu: akwilegia za aina tofauti huchavushana kwa urahisi sana. Aquilegia canadensis nyekundu huvutia ndege wadogo wanaofyonza nekta wakielea hewani, Aquilegia chrysantha ya njano yenye mikia mirefu nyuma ya ua hutembelewa na nondo wenye ulimi mrefu, lakini ukizipanda pamoja nyuki hupita kote. Mbegu utakazovuna zinaweza kutoa rangi ambayo mama hakuwa nayo. Kama unataka rangi ileile, panda aina moja pekee, mbali na nyingine, na zile usizozitaka zikate mabua kabla vifuko havijafunguka.