Komande ya salopeti 300: nikope ao niache?

SWALI: Niko na atelie ya kushona Katuba, hapa Lubumbashi. Kampuni moja inayofanyia kazi migodi inataka salopeti 300 (nguo za kazi) kwa dola 20 kila moja. Gharama yangu ni dola 15: kitambaa 9, uzi na zipu 2, washonaji 4. Watalipa siku 60 baada ya faktire (karatasi ya kudai malipo). Nina dola 1,500. Nikope 3,000 kwa miezi sita, riba ya 3% kwa mwezi?

JIBU: Mama, faida ipo: dola 1,500. Swali langu ni tarehe. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi, utalipa 590 kwa mwezi, na wakopeshaji wengi wanadai kuanzia mwezi wa kwanza. Kushona wiki sita, kungoja siku 60: feza yao haiingii kabla ya miezi mitatu na nusu. Malipo matatu ya kwanza, dola 1,770, yatatoka wapi? Yatatoka kwenye kasa ya atelie, ile inayonunua kitambaa cha bluu na nyeupe cha wanafunzi. Kama ni Julai au Agosti, utakosa msimu wa shule wote. Tena riba peke yake ni 540, zaidi ya theluthi ya faida. Kwa masharti hayo mimi nisingekopa.

Omba avansi (malipo ya mbele) ya 40%, yaani dola 2,400. Usione haya, mnunuzi anayehitaji mali anaelewa. Pamoja na zako unakuwa na 3,900, inabaki 600 tu ya kutafuta, na hiyo likelemba (kikundi cha kuchanga feza na kupokea kwa zamu) inaweza kuitoa zamu yako ikiwa karibu. Kabidhi salopeti mia mia, kila mia na faktire yake, ili siku 60 za mia ya kwanza zianze kuhesabiwa wakati bado unashona.

Wakikataa avansi, wanunue kitambaa wao wenyewe. Wewe utoze dola 11 kwa salopeti: gharama yako inashuka hadi 1,800 na faida haipungui hata dola moja. Watu wengi hawafikirii njia hii, sijui kwa nini.

Kuhusu karatasi: faktire isiyo na namba ya RCCM (rejesta ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa) na namba ya impo (kodi) inaweza kurudishwa, na siku zinaanza upya. Kila mzigo usainiwe na aliyeupokea, jina na tarehe. Daftari lako lisikutishe: OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambamo nchi yetu iliingia mwaka 2012, inaruhusu biashara ndogo sana kuandika tu feza inayoingia na inayotoka. Ila feza ya nyumbani isipite humo.

Wakikataa avansi na kitambaa pia, washonee mia moja kwa 1,500 zako, ungoje walipe ndipo ukate kitambaa cha mia ya pili.