Maswali ya Udongo: Chimba Shimo Kwanza

Masika yanakaribia, na barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wenye makonde ya mteremkoni au walio jirani na msitu. Nimechagua chache.

Msomaji wa Konde, Pemba, ametuma picha ya udongo kiganjani: "Ni mwekundu, umetoka kwenye kilima chenye miti. Unaitwaje?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi na linarudi vile vile, na picha ile ile ya kiganja. Ndugu yangu, wekundu ni chuma kilichopata hewa. Unanijulisha kwamba hapo maji hayatuami, basi. Kina chake sikijui. Chini kuna mfinyanzi au mchanga, sijui. Umeuchota mgongoni mwa kilima au miguuni mwake, hukusema. Na huenda huo si udongo wa hapo kabisa, umeteremshwa na mvua ya mwaka jana ukalala juu ya mwingine.

Chukua pauro na sururu, uchimbe shimo unaloweza kusimama ndani yake, mita moja na nusu kama mwamba haujakuzuia. Ukuta mmoja uuache wima, uuchune kwa kisu, uutazame jua likiwa juu. Kila rangi inapobadilika weka kijiti, upime kwa shubiri kutoka juu. Chota kidogo katika kila tabaka, lowesha, sokota kiganjani. Usiosokoteka una mchanga mwingi. Unaokubali kuwa uzi mrefu ukakunjika bila kukatika una mfinyanzi mwingi. Niandikie hayo, na tutazungumza majina.

Mwanafunzi, Tunguu: "Tumefundishwa kwamba udongo wa misitu ya milima ya Usambara ni mwekundu na una asidi. Lakini katika picha za mashimo ya mlima mmoja, moja lina tabaka jeusi nene, jingine halina, la tatu ni la kijivu. Upi ndio udongo wa msitu wa mlimani?"

Yote matatu, mwanangu, na nimefurahi kwamba umeyatazama mashimo yenyewe. Mwalimu wako hakukosea, ila amekupa udongo wa pahala pamoja tu katika mlima.

Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, aliliona jambo hili, na mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mgongoni, ambako maji yanazama bila kukimbia, udongo ni mwekundu na mrefu. Mteremko unapokuwa mkali, mvua inaula kadiri mwamba unavyouzaa, kwa hiyo unabaki mfupi, pengine wenye mawe. Miguuni unakusanyika ulioporomoka kutoka juu, mweusi zaidi na laini. Bondeni maji yanatuama, hewa inakosekana, chuma kinapoteza wekundu wake na udongo unakuwa kijivu wenye madoa ya kutu. Kila pete ya mnyororo huo inategemea iliyo juu yake. Ukiteremka kutoka mgongo wa kilima chochote cha Pemba mpaka bonde la mpunga, miguu yako inapita katika mnyororo wa namna hiyo hiyo: juu wekundu na kichanga, chini kinamo, yaani udongo mzito unaonata.

Sasa lichukue shimo moja la katikati ya mteremko wenye msitu. Juu kabisa ni majani makavu, chini yake majani yaliyooza nusu na utando mweupe wa kuvu. Halafu unakuja udongo mweusi wa punje punje, umejaa mizizi midogo kama nywele, mara nyingi shubiri moja tu. Kadiri mlima unavyopanda na baridi kuongezeka, majani huoza polepole na tabaka hili hunenepa. Ndiyo sababu moja ya tofauti uliyoiona. Chini yake rangi inageuka hudhurungi, kisha nyekundu, na mfinyanzi unazidi. Bonge la hapo ukilivunja taratibu, mara nyingi utaona utando unaong'aa juu ya uso wake: ni mfinyanzi uliosafirishwa na maji kutoka juu ukagandia humo. Mwisho ni mwamba uliooza, unaomong'onyoka kwa kidole.

Huo utando wa mfinyanzi ndio mlango wa kuuainisha. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ambao toleo lake la 2022 lina makundi makuu 32, unauliza kama mfinyanzi umeongezeka chini kwa kiwango kilichowekwa. Ukiwa umeongezeka, na mfinyanzi wenyewe ni mchovu, yaani uwezo wake wa kushika virutubisho uko chini ya sentimoli 24 (kipimo cha maabara) kwa kilo ya mfinyanzi, unabaki uchaguzi wa aina mbili. Alumini ikiwa imezidi kalisi, magnesi, potasi na sodi kwa pamoja, huo ni Akrisoli. Hizo zikiizidi alumini, ni Liksisoli. Udongo uliochoka kuliko hapo, chini ya sentimoli 16, madini ya kuoza yamekwisha karibu yote, huwa Feralisoli. Udongo wenye umri mdogo wa mteremko mkali, ambao haujawahi kukaa ukajipanga, utauita Kambisoli. Na Kilimanjaro na Meru usiziingize hapa: kule majivu ya volkano yametoa Andosoli, jina lililotoka katika Kijapani, "udongo mweusi", wenye tabia nyingine kabisa.

Nakuomba jambo moja, kwa sababu naliona kwa wahitimu wengi: usiandike jina la kundi kabla ya kupata majibu ya maabara. Shimoni unaandika unachokiona na kukishika. Alumini haionekani kwa macho.

Msomaji wa Donge: "Hatuna mlima Zanzibar, kwa nini unatuchosha na udongo wa milimani?"

Maji ya mvua hayaulizi kilima kina jina gani. Vilima vyetu havifiki mita 150, lakini mgongo wa Masingini na makonde ya magharibi ya Pemba yana mteremko wa kutosha kubeba udongo mpaka baharini. Tazama maji ya hori lolote la Pemba siku ya pili ya mvua kubwa.

Makunduchi: "Nitie chokaa kiasi gani shambani?"

Usitie. Umekaa juu ya jiwe la matumbawe, na uwanda wako una chokaa tele. Tafuta samadi.

Msomaji wa Mkoani: "Nina kijimsitu cha urithi mteremkoni. Udongo wake mweusi, mzuri ajabu. Nataka kufyeka na kuchoma nipande muhogo. Nitapata mavuno ya miaka mingapi?"

Barua hii nimeisoma mara tatu, kwa kuwa shamba ni lako na urithi ni wako, na mimi sina haki ya kukukataza. Lakini ninayo ya kukueleza utakachokipata.

Weusi ule ni shubiri moja, na haukuzaliwa na udongo wa chini. Ni kazi ya miti. Kila siku majani yanaanguka, kuvu na wadudu wanayaozesha, mizizi inavinyonya virutubisho kabla mvua haijaviteremsha, na vinarudi juu kwenye majani. Mali ya kijimsitu chako inazunguka hewani na katika hiyo shubiri. Udongo wa chini ni maskini.

Ukichoma, jivu litakupa msimu mzuri, hata miwili. Watu wanauona msimu huo, wanasifu. Kisha jivu limekwisha, majani hayaanguki tena, na masika inapiga udongo ulio uchi. Ile shubiri inaondoka kwanza, kwa kuwa ndiyo nyepesi na ndiyo iliyo juu. Unabaki na tabaka jekundu ambalo pH yake, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 5.5 huanza kuachia alumini, na mizizi ya mazao mengi inadumaa. Muhogo unavumilia kuliko vyakula vingi, ndiyo maana watu wanadhani udongo bado uko. Na kuung'oa muhogo ni kuulima mteremko upya kila mara.

Mashamba ya chini yako nayo yatadhurika. Nimeliona bonde la mpunga la jamaa zangu likifukiwa na mchanga uliotoka kwenye kilima kilichofyekwa, na aliyefyeka alikuwa jirani mwema asiyejua. Mpunga ule haukurudi kama zamani. Kwa hiyo zungumza na wa bondeni kabla hujashika panga.

Ukihitaji chakula, lima miguuni, pale mteremko unapolala, uache mgongo na sehemu kali na miti yake. Juu kidogo panda mikarafuu, doriani na mishokishoki kati ya miti iliyopo, pasi na kuiondoa yote. Mananasi au majani ya kukinga maji yapandwe kwa safu zinazokata mteremko, zisiufuate. Majani makavu yaacheni yalale. Usiyafagie, usiyachome, hata kama shamba linaonekana chafu.

Wengi, kutoka kila pahala: "Mbolea gani nzuri?"

Siwezi kujibu bila kipimo, wala duka lililokuuzia haliwezi.

Wete: "Nimekusanya udongo wa kupeleka kupimwa, nimeutia kwenye mfuko mtupu wa mbolea. Juu ya kilima na bondeni nimechanganya, ili nipate wastani."

Umwage. Mfuko wa mbolea umeshauharibu, na wastani wa mgongo na bonde ni udongo usiopatikana popote shambani mwako. Anza upya: mgongo peke yake, mteremko peke yake, bonde peke yake. Katika kila sehemu ondoa majani, chota pahala 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, uutandaze kivulini ukauke, nusu kilo inatosha. Andika kwenye kila mfuko umetoka sehemu gani ya mteremko, na kwa kalamu ya risasi. Wino unafutika ukirowa.