Nyumba ya Kisauni na ushuru wa stempu wa fleti ya Reading

SWALI: Assalamu alaykum wakili. Mimi ni muuguzi, naishi Reading na mume wangu na watoto wetu wawili. Tumepata fleti ya vyumba viwili vya kulala kwa pauni 280,000 na muuzaji amekubali bei yetu. Dalali anasema kwa kuwa hatujawahi kununua nyumba Uingereza, sisi ni wanunuzi wa mara ya kwanza na ushuru wa stempu kwetu ni sifuri. Lakini mume wangu ana nyumba Kisauni, Mombasa, aliyojenga kabla hatujaoana. Ina wapangaji tangu 2016, na watu humwambia inafika shilingi milioni tisa na nusu. Mimi nami nina fungu langu katika nyumba ya marehemu baba, Mji wa Kale. Mwenzangu kazini ananishauri ninunue kwa jina langu peke yangu na hayo ya Mombasa nisiyataje. Je, ni sawa?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Si sawa, na nashukuru umeuliza kabla ya kubadilishana mikataba, maana baada ya hapo nafasi ya kupanga mambo hubaki finyu mno. Fleti hiyo hiyo, kwa bei hiyo hiyo, yaweza kutozwa ushuru wa viwango vitatu: sifuri, pauni 4,000 au pauni 18,000. Kwa maelezo uliyonipa, mkinunua kesho bila kubadilisha lolote, jibu ni 18,000.

Sidhani dalali alikusudia kuwapotosha. Wateja wake wengi hawana jengo nje ya nchi hii, basi swali la “umewahi kununua nyumba?” huishia hapa hapa. Sheria haiishii hapa. Ushuru wa stempu wa England na Ireland Kaskazini huuliza maswali mawili, kila moja na kanuni zake, na watu wetu wengi huumia kwa kuyachanganya.

Swali la kwanza ni la nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza: je, yeyote kati ya wanaonunua amewahi kumiliki nyumba ya kuishi, mahali popote duniani? Hapa hapana kima cha chini cha thamani. Nyumba ya vyumba viwili ya mabati kule kijijini inahesabika sawa na ghorofa la Nyali, hata kama uliirithi au ulipewa zawadi, hata kama uliiuza zamani. Kiwanja kitupu si nyumba, kwa hiyo aliye na ploti Mtwapa isiyo na kitu juu yake hajapoteza nafuu. Jengo lililokwisha kuanza kujengwa lakini limo ndani ya tafsiri ya sheria, na hilo huwashangaza wengi walioacha nyumba imefika kwenye linta wakingoja fedha.

Swali la pili ni la nyongeza: usiku wa siku mtakayokabidhiwa funguo, je, mtakuwa mnamiliki nyumba nyingine yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, popote duniani? Kama ndiyo, mnaongezewa asilimia 5 juu ya kila ngazi. Nyongeza hii ilianza Aprili 2016 ikiwa asilimia 3, ikapandishwa kufika 5 tarehe 31 Oktoba 2024.

Tuipige hesabu ya fleti yenu. Tangu 1 Aprili 2025, kwa mnunuzi wa kawaida pauni 125,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kipande cha kutoka 125,000 hadi 250,000 hutozwa asilimia 2, yaani pauni 2,500. Kinachozidi 250,000, hadi 925,000, hutozwa asilimia 5. Kwenu ni pauni 30,000, kwa hiyo 1,500. Jumla 4,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza hatozwi chochote mpaka pauni 300,000, mradi bei yote isivuke 500,000, ndiyo maana dalali akasema sifuri. Aliye na nyumba nyingine hutozwa tangu pauni ya kwanza: asilimia 5 ya 125,000 ni 6,250, asilimia 7 ya 125,000 zinazofuata ni 8,750, asilimia 10 ya 30,000 ni 3,000. Hapo ndipo zinapopatikana 18,000.

Sasa ushauri wa mwenzako wa kazini. Kununua kwa jina lako peke yako hakuondoi nyongeza. Mume na mke wanaoishi pamoja huhesabiwa kuwa kitu kimoja katika swali la pili. Nyumba ya mumeo ni kama yako hata kama jina lako halimo popote kwenye hati za Mombasa. Na mahali nyongeza inapoingia, nafuu ya mara ya kwanza haiwezi kuombwa kabisa. Jina lako peke yako lina maana tu iwapo nyumba ya Kisauni itatoka kwenye hesabu, na hapo pia itabidi benki ikukopeshe kwa mshahara wako tu.

Je, yaweza kutoka kwenye hesabu? Hapa ndipo nataka mkae mfikiri, kwa sababu ziko njia halali ambazo hamjazichunguza.

Ya kwanza ni thamani yenyewe. “Watu humwambia milioni tisa na nusu” si uthamini. Kwa kiwango cha shilingi 170 kwa pauni, mpaka wa pauni 40,000 ni shilingi milioni 6.8. Milioni tisa na nusu inavuka mpaka huo kwa mbali, lakini nimeona nyumba nyingi za Kisauni zikitajwa bei ya barazani ambayo hakuna mnunuzi aliyewahi kuitoa. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa Kenya, aende akaione nyumba, aandike ripoti yenye tarehe ya karibu na siku ya kununua. Deni lililo juu ya nyumba halipunguzi thamani kwa hesabu hii. Kinachoangaliwa ni bei ya soko ya nyumba. Ripoti ikisema milioni sita na nusu, nyongeza imeondoka na mmeokoa pauni 14,000 kwa gharama ya mthamini. Ikisema tisa, angalau mnajua.

Ya pili ni swali ambalo mawakili wa hapa hawalijui, ila mtu wa Mombasa atalielewa mara moja: je, nyumba ya mumeo ina ardhi? Kisauni imejaa nyumba bila ardhi, ambapo mtu amejenga kwa mali yake juu ya shamba la mwingine na hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Sheria ya ushuru hapa huhesabu umiliki kamili au upangaji wa muda mrefu, na kile kinacholingana navyo katika nchi nyingine. Upangaji unaoweza kuvunjwa wakati wowote mwenye ardhi atakapo haumo, na upangaji uliotolewa kwa muda usiozidi miaka 7 nao haumo katika hesabu ya nyongeza. Kama mumeo ana risiti za kodi ya ardhi tu na hana hatimiliki wala mkataba wa miaka mingi, wakili wa Mombasa aandike barua kueleza ni haki ya aina gani hasa anayo. Barua hiyo yaweza kubadilisha jibu lote. Msiikisie wenyewe, wala asiikisie wakili wenu wa Reading.

Fungu lako la Mji wa Kale halinitii wasiwasi kwa upande wa nyongeza. Linalopimwa ni thamani ya sehemu yako, si ya nyumba nzima. Hujanitajia idadi ya warithi, basi nitoe mfano: marehemu ameacha mke, wana wawili na mabinti wawili. Mama anachukua thumuni, na saba ya nane inayobaki inagawanywa mafungu sita, binti akipata moja. Sehemu ya binti ni 7 kati ya 48. Nyumba ikiwa ya milioni 18, yake ni milioni 2.625, kama pauni 15,400, chini kabisa ya mpaka. Kwa msomaji mwingine ambaye sehemu yake ni kubwa zaidi: urithi uliopatikana ndani ya miaka 3 kabla ya kununua, ikiwa sehemu yako haizidi nusu, nao huachwa nje ya hesabu ya nyongeza.

Kwa swali la kwanza fungu hilo lina uzito, kwa sababu kule hakuna mpaka wa thamani. Kama mirathi imekwisha na jina lako limeandikishwa, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza. Kama hati ingali kwa jina la marehemu baba na mirathi haijafungwa, kuna hoja ya kusema bado hujakabidhiwa umiliki. Lakini hoja hiyo iletwe na wakili wa Kenya kwa maandishi, akieleza kesi imefika wapi katika mahakama ya Kadhi au kwingineko. Usiisimamishe kwa maneno matupu.

Kuhusu kuuza. Mumeo akiuza nyumba ya Kisauni na uhamisho ukakamilika kabla ya siku ya funguo, nyongeza haipo tena. Mkinunua pamoja mtalipa 4,000, kwa kuwa yeye amewahi kumiliki. Ninyi hamna faida ya kuuza baadaye. Wapo wanaorudishiwa nyongeza wakiuza ndani ya miaka 3 baada ya kununua, ila sharti nyumba iliyouzwa iwe ilikuwa makazi yao makuu wakati fulani katika miaka 3 kabla ya ununuzi. Yenu ina wapangaji tangu 2016. Mlango huo umefungwa.

Hata hivyo sitawaambia mkimbilie kuuza. Nyumba inayotajwa milioni tisa na nusu, ikiuzwa kwa haraka kwa milioni nane, imewapotezea milioni moja na nusu, karibu pauni 8,800. Serikali ya Kenya itachukua asilimia 15 ya faida, kiwango kinachotumika tangu Januari 2023. Uingereza nayo hutoza faida ya mkaazi wake hata ikipatikana ng'ambo, ingawa mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili huwezesha kilicholipwa Kenya kupunguzwa. Kisha kodi ya wapangaji ya kila mwezi itakatika. Pauni 14,000 ni fedha nyingi, lakini kuitoa nyumba ya maisha kwa bei ya kutupa ili kuziokoa ni hasara juu ya hasara. Na kama kodi ya wapangaji hao haijawahi kutangazwa hapa Uingereza, hilo ni jambo la kupeleka kwa mhasibu mwezi huu huu, fleti iwepo isiwepo.

Hiba? Mumeo kumpa mama yake nyumba kweli kweli, uhamisho ukaandikishwa na kodi ikaanza kwenda kwa mama, ni utoaji halali. Kukupa wewe hakusaidii kitu, kwa sababu nimekwisha eleza mnahesabiwa pamoja. Kuwapa watoto wenu walio chini ya miaka 18 hakusaidii pia. Sheria huihesabu nyumba kuwa ya wazazi. Na karatasi ya hiba iliyowekwa kabatini huku mumeo akiendelea kupokea kodi, mimi nisingeiwasilisha kwa niaba ya mteja yeyote.

Hapo ndipo lilipo jibu la “nisiyataje”. Fomu ya ushuru ni tamko lako, hata kama wakili ndiye anayeijaza, na hupelekwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, pamoja na malipo ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Kosa la uzembe laweza kuleta faini ya hadi asilimia 30 ya ushuru uliopungua. La makusudi hadi 70. La makusudi lililofichwa hadi 100. Kwa la makusudi wanaweza kurudi nyuma miaka 20. Na ficho hili huanguka kirahisi: wakili lazima aulize fedha zenu zimetoka wapi, mkaonyesha taarifa za benki, na ndani yake imo kodi ya Kisauni kila mwezi.

Kama mnakwepa riba na mnanunua kupitia benki ya Kiislamu, ambapo benki hununua kwanza kisha ninyi mkalipa polepole, sheria iliondoa kutozwa mara mbili tangu 2003. Lakini maswali yale mawili huulizwa kwenu, si kwa benki, na hesabu haibadiliki. Wasomaji wa Scotland na Wales, hesabu zenu ni nyingine. Glasgow au Edinburgh nyongeza ni asilimia 8 ya bei yote.

Kwa hiyo wiki hii, dada: mwambieni wakili wenu kwa barua pepe kwamba kuna nyumba mbili Mombasa, mpeni picha ya hatimiliki au risiti za kodi ya ardhi, na hati zozote za mirathi. Mthamini aende Kisauni. Muuzaji aombwe asisukume tarehe ya mikataba mpaka ripoti ifike. Na mtenge pauni 18,000 tangu sasa, mbali na malipo ya awali, kwa sababu benki huangalia bei ya fleti inapotoa mkopo. Ushuru mtautoa mfukoni mwenu. Ikiwa baada ya barua na ripoti zote jibu bado ni 18,000 na hamnazo, rudini kwa muuzaji mjadili bei kabla ya mikataba, au iacheni fleti hiyo.