Kabla ya Kulia Umekataliwa, Hesabu Makopo

Wiki hii kuna ujumbe umenikaa kichwani. Dada mmoja anauza virutubisho vya kampuni ya biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuunganisha watu wengine chini yako. Ameandika majina 43 kwenye daftari na kuwapigia wote. Wawili wamenunua, watatu wamechukua kwa mkopo. Mama yake mdogo siku hizi akiona namba yake hapokei. Kiongozi wa timu amemwambia tatizo ni imani, asikilize sauti za hamasa asubuhi na jioni. Swali lake: "Nifanyeje nisiumie nikikataliwa?"

Nilimrudishia swali: mzigo umeununua kwa hela gani?

Makopo 24, kila moja 28,000, jumla 672,000. Kati ya hizo, 600,000 ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, na 72,000 ni zake. Marejesho ni 26,000 kila siku kwa siku 30, yaani 780,000. Bei ya kuuzia ni 35,000 kwa kopo. Tuseme amebahatika, watu wote wamekubali, makopo yote 24 yameisha ndani ya mwezi. Anashika 840,000. Toa 780,000 za mwenye mkopo, toa 72,000 zake. Hasara 12,000, na hapo nauli na bando hatujavigusa.

Huyu dada angeumia hata kama kila mtu angemwambia ndiyo. Ndiyo maana ushauri wa "usikate tamaa" unaniudhi. Mtu mwenye rejesho la saa kumi jioni hawezi kusikia "nitakucheki" kama neno la kawaida. Anasikia anaporwa. Mteja naye si mjinga, ile haraka anaiona machoni, anarudi nyuma. Kwa hiyo anakataliwa zaidi, anaumia zaidi, anasukuma zaidi.

Dawa ya kwanza basi iko kwenye mzigo. Anza na makopo 3 au 4, kwa hela ambayo ikipotea nyumbani watu watakula. Usiongeze mpaka umebakiwa na kopo moja na tayari umeshika oda ya mtu aliyelipa. Ukiambiwa ununue zaidi ili ufikishe pointi za cheo, kumbuka kwamba mwaka 1979, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoamua kuwa mfumo wa Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si upatu wa piramidi unaoishi kwa hela za wanaojiunga, iliziangalia kanuni za kampuni hiyo: muuzaji awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua mwezi huo, awe na wateja 10 tofauti wa rejareja kwa mwezi, na mzigo usiotoka uweze kurudishwa. Jipime kwa kanuni hizo hata kama kampuni yako haina. Wateja wako wote wakiwa ni watu wa timu yako wanaokimbizana na pointi, huna soko bado.

Sasa tuje kwenye hapana zenyewe, maana hazifanani, na huku kwetu hazisemwi wazi. Ni watu wachache watakaokutazama usoni wakakwambia sitaki. Utasikia "tutaona", "mwisho wa mwezi", "ngoja niongee na mzee", "inshallah". Muuzaji mgeni anaziandika zote kama ndiyo zinazokuja, anazibeba wiki tatu, halafu zinamwangukia siku moja. Afadhali umfungulie mtu mlango wa kutokea. Mwambie: "Shoga, kama haikufai niambie tu, mimi na wewe hatugombani." Wengi watashusha pumzi na kusema ukweli. Umepata hapana safi, na urafiki umebaki.

"Sina hela" ipime kwa tarehe. Ukimuuliza mtu wa mshahara tarehe 17, umeuliza kalenda. Sema: "Nikikutafuta tarehe 28 itakuwa sawa?" Akitaja tarehe yake mwenyewe, andika. Akirudia "tutaona", funga jina hilo kwa miezi mitatu.

"Ni ghali" inataka hesabu fupi. Kopo la 35,000 linalokaa siku 60 ni kama 580 kwa siku. Itaje hesabu hiyo mara moja, kisha nyamaza. Kosa kubwa hapa ni kuendelea kuongea baada ya kutaja bei. Mtu anasikia unajitetea. Na kama Kariakoo kuna kitu kinachofanya kazi ileile kwa 15,000, amekwambia kweli, usibishane naye. Ukiambiwa hivyo na watu kumi mfululizo, tatizo ni bei, wala hakuna sauti ya hamasa itakayoishusha.

"Hizi si upatu?" ndiyo inayowakasirisha wengi, na haifai kumkasirisha mtu. Upatu wa DECI ulipoanguka hapa Tanzania mwaka 2009 watu walipoteza akiba zao, na kumbukumbu hiyo bado iko mitaani. Anayeuliza hivyo anatumia akili. Mjibu kwa vitu: faida yangu kwa kopo hili ni 7,000, nikikuunganisha napata kiasi hiki, ukijiunga ukashindwa kuuza utapoteza kiasi hiki, risiti ndiyo hii, usajili wa TBS (Shirika la Viwango) au TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kutegemea bidhaa, ni huu hapa. Ukishindwa kujibu hata kimoja, basi aliyekukataa amekataa kwa haki. Nenda kaulize majibu kwa viongozi wako kabla hujamfuata mtu mwingine.

Tiki mbili za bluu bila jibu zina utaratibu wake. Ujumbe wa kwanza, kisha mmoja baada ya siku 3, kisha wa mwisho baada ya wiki 2: "Naona bado si wakati wake, siku ukihitaji nipo." Baada ya hapo acha. Usimweke kwenye kundi bila ruhusa, wala usimtumie ushuhuda wa mtu "aliyepona". Hapo niseme kwa ukali kidogo: usiuze kirutubisho kama tiba ya sukari au presha. Mtu akiacha vidonge vyake kwa maneno yako, balaa litakalokufika halitaitwa kukataliwa.

Kosa jingine linalozaa hapana zisizo za lazima ni kuomba vitu viwili kwa pumzi moja. Unamuuzia mtu sabuni, hajaishika vizuri, tayari unamchorea duara kwenye karatasi na kumweleza kuhusu mwamvuli wake, yaani watu atakaowaunganisha chini yake. Alikuwa tayari kwa sabuni ya 8,000, sasa anakimbia maombi ya 200,000. Tenganisha. Uza bidhaa, rudi baada ya kopo kwisha, uliza kama imemfaa. Habari ya kujiunga ifike kwa anayenunua mara ya tatu, au kwa anayeuliza mwenyewe unapataje hela.

Na mwaliko wa kuficha uachwe kabisa. "Njoo nikununulie chakula cha mchana," kumbe ni ukumbi wa semina na mtu wa tai anapiga makofi. Akiondoka kwa hasira usiseme amekataa biashara, amekataa kudanganywa. Mwaliko wa haki unakaa kwenye sentensi mbili: "Nauza bidhaa fulani na Jumamosi saa nne kuna mkutano wa kueleza jinsi ya kujiunga, kama saa moja na nusu. Ungependa kuja, au haikuvutii?" Watakuja wachache, ila waliokuja walijua wanakokuja.

Ndugu ndio wanaowekwa juu kwenye daftari, kwa sababu ni rahisi kuwafikia. Mimi ningewaweka chini. Anza na wanaotumia tayari bidhaa ya aina hiyo: mwenye saluni anayenunua mafuta kila wiki, mama ntilie anayemaliza sabuni. Hapana ya mtu kama huyo ni ya kibiashara na inaisha hapohapo. Hapana ya shangazi inakusubiri kwenye arusi na msiba. Ndugu akitaka mwenyewe, muuzie kwa bei moja na wengine, na asichukue kwa mkopo. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapojidanganya. Wale watatu waliochukua kwa mkopo, dada aliyeniandikia amewahesabu kama wateja. Wawili kati yao wameanza kupita njia nyingine.

Kila siku andika mistari minne: umeuliza wangapi, wangapi wamenunua, sababu ya waliokataa kwa maneno yao, na ulichotumia. Ukiuliza 10 wakanunua 2, umepata 14,000. Toa 6,000 ya nauli na bando, zinabaki 8,000. Kila mtu uliyemuuliza, aliyekubali na aliyekataa, amekuingizia 800. Hapo unaweza kuivumilia hapana, kwa sababu ina bei. Lakini kama umeuliza 43 wakanunua 2, faida ni hiyohiyo 14,000 na nauli imeshaila. Usiongeze majina, badilisha kitu: bidhaa, bei, mtaa, au maneno. Jaribu tena kwa watu 20. Ikibaki vilevile, kuacha si dhambi, hata kiongozi wako akisema nini.

Kwa dada aliyeandika: kesho asubuhi, kabla ya kumpigia mteja yeyote, soma fomu uliyosaini utafute kipengele cha kurudisha mzigo. Angalia ni siku ngapi, wanakata asilimia ngapi, na kama kopo linatakiwa liwe na lakiri. Makopo 19 yamebaki. Kwa bei uliyonunulia ni 532,000. Nenda ofisini mwenyewe na risiti, usimpe kiongozi akupelekee, maana pointi zake zinapungua ukirudisha. Watakachokupa kipeleke chote kwenye mkopo siku hiyohiyo, na uombe wakuandikie salio. Wale watatu wa mkopo waambie arudishe kopo asiyeweza kulipa, mradi hajalifungua.

Mama mdogo usimpigie kwa sasa. Nenda siku ya mapumziko, bila begi.